Msemaji Hajamaliza

Katika kazi yetu ya ukalimani kuna kitu kinachoitwa kupokezana, na mimi nilikuwa hodari wake. Sijipigii debe. Waulize wenzangu, waulize hata wale wasionipenda, ambao si haba.

Kupokezana ni hivi. Ukumbini anasimama mtu anayesema lugha ambayo wakalimani wengi hawaijui. Sisi tumekaa kwenye vibanda vya vioo kando ya ukuta, kila kibanda na lugha yake, visikizi masikioni. Kibanda kimoja tu ndicho kinachomwelewa msemaji. Hicho kinayageuza maneno yake papo kwa papo kuwa lugha kubwa ya mkutano, na wengine wanapokea kutoka hapo, kila mmoja akiyapeleka kwa lugha yake. Kibanda hicho tunakiita kibanda mama, kwa kuwa wengine wote wananyonya kwake. Mama akila kibaya, watoto wote wanaharisha.

Kuwa mama kuna adabu zake. Huachi sentensi ikining'inia. Hukohoikohoi wala huzungushi maneno kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani. Ukichelewa kidogo wao wanachelewa zaidi, maana wako nyuma yako. Na kwa kuwa wanakusikiliza wewe, si ukumbi, unawaambia yale wasiyoweza kuyajua: utani unakuja, jiandaeni kucheka; anasoma karatasi, atakwenda mbio; amenyamaza, waya haujakatika. Hayo ni maneno ya jikoni. Mpokeaji mzuri anayasikia, anayatumia, kisha anayameza. Hayapeleki mezani. Anayeyapeleka mezani tunamcheka mwaka mzima.

Siku ile nilikuwa na wapokeaji wazuri sana, na hilo ndilo linaloniuma.

Kikao kilihusu bwawa. Bonde nililozaliwa lilitakiwa lijazwe maji ili miji ipate umeme. Wahandisi walitaka, serikali ilitaka, wafadhili nao walitaka, ila wafadhili walikuwa na sharti lao: wenyeji waridhie kwa kinywa chao wenyewe, ukumbini, mbele ya mwenyekiti aliyeletwa kutoka mbali ili asije mtu akasema amenunuliwa. Bonde likikataa, bwawa linatafutiwa mahali pengine. Hapana moja tu ilitosha. Watu wetu walikaa, wakabishana, wakanuniana, wakapatana, na mwishowe wakawa kitu kimoja: tunakataa. Wakamchagua wa kuipeleka hapana hiyo, naye alikuwa shangazi yangu.

Shangazi ni dada wa baba, ndiye aliyenilea. Msimfikirie bibi kizee wa kuhurumiwa. Ni fundi cherehani aliyeshona sare za shule za bonde zima, kwa hiyo anamjua kila mtu kwa kiuno chake, na ulimi wake una ncha kuliko sindano zake. Mtaniuliza, imekuwaje ndugu wa shahidi akawa mkalimani wake? Lugha yetu ni ndogo. Wakalimani wake tuko wawili, mimi na Bwana Pole, na huyo Bwana Pole ni binamu wa nusu ya mashahidi waliobaki.

Sasa kuna jambo moja la kwetu. Bondeni mtu akija kukuomba kitu, humkatalii usoni. Unaanza kwa kumshukuru. Unamshukuru kwa safari, kwa afya, kwa kila jema alilowahi kutenda, moja baada ya jingine. Halafu unanyamaza. Aliyeomba, kama amelelewa, anakuambia, "Sema lililobaki." Hapo ndipo unakataa, na hakuna anayekasirika. Ukikataa kabla hajakuambia hivyo, umemtusi, na watu watasema kwenu hakukuwa na mkubwa. Kwa hiyo kwetu mtu akishukuru sana, muombaji huanza kutafuta kofia yake.

Nililijua hilo, ndiyo maana asubuhi, kabla kikao hakijaanza, nilimfuata Mkuu wetu wa wakalimani. Alikuwa anagombana na fundi mitambo juu ya waya fulani.

"Mkuu, shahidi wa mwisho wa bonde atashukuru sana, kisha atanyamaza," nikamwambia. "Kile kimya si mwisho wa maneno yake. Naomba mwenyekiti aambiwe amkaribishe aseme lililobaki."

"Wewe ni mkalimani wake au wakili wake?"

"Ni mkalimani. Ndiyo maana nakwambia mapema, nisije nikaanza kuongeza maneno yangu kule ndani."

"Sawa, sawa. Nitamdokeza."

"Utamwambia kweli?"

"Dada yangu, nimesema nitamdokeza. Nenda kakae."

Nikaenda. Nilimkuta Shangazi kwenye kiti cha korido, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, ameshika kisikizi alichopewa mlangoni kama aliyeokota mdudu asiyemjua.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kola nani kakushonea? Imekwenda upande." Akaivuta, akainyoosha, haikunyooka. "Sasa humu ndani ya kidude hiki nitamsikia nani?"

"Utanisikia mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi siogopi," akasema, na kweli uso wake ulilegea.

Mashahidi wa mwanzo walikwenda vizuri. Alisema mwalimu wa shule ya bondeni, akasema mwenye duka, wote wakieleza tu hali ilivyo, maana jibu lenyewe halikuwa lao. Mimi na Bwana Pole tulibadilishana zamu. Mkabala nasi, upande wa pili wa ukumbi, kilikuwa kibanda kinachopeleka lugha ya mwenyekiti, na ndani yake alikaa mwanamke tunayemwita Kasuku. Tulimwita hivyo kwa wivu. Kasuku hadondoshi neno. Ukimpa sentensi nzima anaipokea kabla haijagusa chini, na mwenyekiti anaisikia kama vile imezaliwa kwa lugha ya mama yake. Mwenye duka alipopoteza miwani, nilinong'ona, "Anatafuta miwani yake," na Kasuku akatulia, hakuhangaika. Mwalimu alipokaribia kutania, nikasema, "Utani unakuja," na ukumbi mzima ukacheka kwa pamoja, hata mwenyekiti. Wakalimani wanajua raha ya jambo hilo. Ukumbi wenye lugha nyingi ukicheka mara moja, ujue kuna watu kwenye vioo wanatokwa jasho.

Ikafika zamu ya Shangazi. Kwa ratiba yetu ilikuwa zamu ya Bwana Pole, naye alikuwa ameshavuta maikrofoni kwake.

"Niachie huyu," nikamwambia. "Huyu ni wangu."

"Haya, pole," akasema, akanisogezea. Ndiyo maana tukampa jina hilo. Hata ukimkanyaga, yeye ndiye anayekupa pole.

Shangazi akakaa mbele ya maikrofoni ya mashahidi, taa yake nyekundu ikawaka. Akaanza kushukuru. Alimshukuru mwenyekiti kwa safari, kwa kuacha watoto wake akaja kusikiliza watoto wa wenzake. Aliwashukuru wahandisi kwa kuwasalimia watu walipopita mashambani mwao. Aliwashukuru kwa barabara waliyoichonga, iliyomfikisha mjini bila kuchafua viatu, maana zamani ungefika umevibeba kichwani. Niliona utani unakuja, nikawaambia wenzangu, ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa natiririka. Sijawahi kukalimani vizuri kama asubuhi ile. Kila sentensi niliifunga, kila shukrani niliipa uzito wake, nami nilikuwa nasema "mimi" kama kazi yetu inavyotaka, maana mkalimani hasemi "shahidi anashukuru", anasema "nashukuru". Nilikuwa Shangazi. Kasuku alinifuata kama kivuli. Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa na kutabasamu.

"Na zaidi ya yote," akasema Shangazi, nami nikasema, na Kasuku akasema, "nakushukuru kwa kuja kutuomba. Wapo wanaochukua bila kuomba."

Kisha akakunja mikono mezani, akanyamaza.

Nikaisogelea maikrofoni. "Msemaji amenyamaza," nikasema. "Hajamaliza."

Nilimtazama mwenyekiti. Nilimngoja ainue kichwa aseme yale maneno mawili. Aliinua kichwa kweli, akamtazama Shangazi, akagusa kisikizi chake, akaendelea kutabasamu kama mtu aliyepewa zawadi na hajui aiweke wapi. Hakuna kitu kilichokuwa kimemfikia. Nikageuka kumtazama Kasuku. Midomo yake ilikuwa imefungwa, ametulia, yuko tayari kwa sentensi ijayo. Vibanda vingine vilevile. Wote walikuwa wamenisikia, wakashukuru kujua kwamba waya haujakatika, wakameza. Walifanya kile hasa ambacho mpokeaji mzuri anatakiwa kufanya. Neno pekee la siku ile lililotakiwa kufika mezani liliishia jikoni, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa nimewazoesha hivyo na wao ni watu wanaojua kazi.

"Msemaji hajamaliza!" nikarudia kwa nguvu.

Kasuku akaniinulia dole gumba nyuma ya kioo. Nimekupata, usiwe na wasiwasi.

Ipo njia ya mkalimani kusema na ukumbi kwa jina lake mwenyewe. Unaanza na "Mkalimani anauarifu ukumbi," na hapo kila kibanda kinajua kwamba hili ni la kupelekwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kulisema. Mwenyekiti akanitangulia, na mwenyekiti akisema, mimi nageuka upande wa pili: yeye anasema lugha yake, Kasuku anaileta kwenye lugha ya mkutano, nami naipeleka kwenye sikio la Shangazi. Sasa Kasuku ndiye mama na mimi ndiye mtoto.

Na Kasuku aliniletea hivi, nami nikampa Shangazi hivi, kwa lugha yetu, kwa sauti yangu, sentensi nzima nzima: "Nakushukuru sana, mama. Nimefarijika mno kusikia kwamba bonde limekubali, tena kwa moyo mweupe. Naomba iingizwe kwenye kumbukumbu hivyo."

Neno kwa neno, sikupunguza, sikuongeza. Nilitamani ulimi ukauke.

Shangazi aliinua uso akatazama kibandani. Najua alichokiona, maana nimewahi kukaa ukumbini: kioo kinarudisha taa, huoni mtu. Nilitikisa kichwa kama kichaa na alikuwa haoni. Taa nyekundu ya maikrofoni yake bado ilikuwa inawaka. Nikawa nasema moyoni, sema, Shangazi, mtukane, mkatalie tu huyo asiyejua adabu. Mkono wangu ukaenda kwenye maikrofoni.

Bwana Pole akabonyeza kitufe cha kikohozi, kile kinachokata sauti yetu. "Usithubutu," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. "Sauti yako sasa hivi ni ya mwenyekiti. Ukimwambia 'kataa', atasikia nani anamwambia?"

Alikuwa sawa. Nikamchukia kwa kuwa sawa. Kule ukumbini Shangazi akainamisha kichwa taratibu, akakiinua, akavua kisikizi. Fundi akazima maikrofoni yake. Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama kabisa. Ila wale waliotoka bondeni hawakupiga. Walikuwa wanatazamana.

Wakati wa mapumziko Mkuu alifika kibandani uso wote meno. "Kazi safi! Mwenyekiti mwenyewe amesema hajawahi kusikia kupokezana kulikonyooka namna hii."

"Ulimwambia?"

"Nini?"

"Lile la kimya."

Akajikuna shingo. "Aa, lile. Alikuwa na wageni, sikupata nafasi."

"Mkuu, shangazi yangu amekataa. Bonde limekataa."

"Dada, mimi nilikuwa nasikiliza. Hakusema hapana."

"Hakukaribishwa kuisema!"

"Basi ndiyo hivyo, hakuisema. Unataka niende kwa mwenyekiti nikamwambie shahidi alisema jambo ambalo hakulisema? Kwa ushahidi gani? Kwamba mkalimani, mpwa wake wa damu, anamjua?" Akashusha sauti, maana kwa kweli si mtu mbaya, ni mtu wa kuahirisha tu. "Mwenye neno ni yeye. Kikao cha alasiri kikifunguliwa, mwenyekiti atauliza kama kuna mwenye la kusahihisha. Mwambie asimame mwenyewe. Akisimama, limekwisha."

Nilishuka ngazi mbiombio. Nafasi ilikuwapo bado, na nilikuwa tayari kumbeba mgongoni hadi kwenye maikrofoni. Njiani Kasuku alinishika mkono. "Mama yule alizungumza vizuri mno," akasema. "Nilisikia raha kumpokea." Nikamjibu asante. Ningemjibu nini? Mtu ametenda kazi yake bila doa, utamgombeza kwa lipi?

Shangazi alikuwa kwenye benchi la uani, peke yake. Watu wa bonde walikuwa upande wa pili wa ua, wamempa mgongo. Nikapiga magoti mbele yake.

"Shangazi, mwenyekiti anadhani umekubali."

"Si nimekubali."

"Hukukubali! Ulinyamaza ukingoja akukaribishe. Mwenyekiti hajui desturi zetu, hakuambiwa. Alasiri atauliza, wewe simama tu useme."

Akanitazama, si kwa hasira. Heri ingekuwa hasira. "Mwanangu, mimi nilikuwa nangoja. Nikasikia mtu anasema bonde limekubali. Nikamsikia vizuri kabisa. Alikuwa wewe."

"Yale yalikuwa maneno ya mwenyekiti, Shangazi. Mimi nayapeleka tu."

"Huyo mwenyekiti mimi simjui sauti. Niliyemsikia humu," akagusa sikio, "ni mtoto niliyemlea. Nikashtuka, nikakutafuta kule juu, sikukuona. Nikajiambia, huyu ameishi na watu hawa, amesoma vitabu vyao, anayajua tusiyoyajua. Kama ameona afadhali tukubali, kuna jambo. Akanikinga na aibu, akalisema yeye. Ndipo nikainamisha kichwa. Na wenzangu wale wameniona nikiinamisha."

Nikamshika goti.

"Basi simama uwaambie hivyo," nikasema. "Sema hukuelewa. Sema ulichanganywa."

"Nilichanganywa na nani?"

Nikaivuta kola yangu, haikunyooka.

"Nataka nijue tu," akasema. "Nikisimama mbele ya wakubwa wale nikasema sauti ya mkalimani ndiyo iliyonipotosha, wewe watakufanya nini?"

"Wataniondoa."

"Kwenye kikao hiki?"

"Kwenye vikao vyote."

Akatikisa kichwa, akawa anakunja na kukunjua upindo wa gauni lake. Kisha akasema, "Haya. Niseme, mwanangu?"

Nilimwambia aseme. Mungu ni shahidi yangu, nilimwambia: sema, Shangazi, acha waniondoe, bonde ni kubwa kuliko mimi. Lakini sikusema papo hapo. Niliwaza kwanza. Niliiona kazi yangu, nikaiona nyumba yangu, nikajiona narudi kwetu mikono mitupu kukaa kando ya cherehani. Ni muda wa kuvuta pumzi tu, na mtu mwingine yeyote asingeutilia maanani. Ila nilikuwa nazungumza na mwanamke wa bondeni, na watu wa bondeni wamelelewa kusikiliza kimya.

"Basi usihangaike," akasema, akanishika bega ili ainuke. "Nimesikia."

"Shangazi, nimesema useme!"

"Nimesikia, mwanangu."

Alasiri zamu ilikuwa yangu. Mwenyekiti alifungua kikao, akauliza kama kuna shahidi yeyote mwenye neno la kuongeza au kusahihisha kabla ya kumbukumbu kufungwa. Kasuku akaniletea swali lile likiwa limenyooka. Nililipeleka kwa lugha yetu polepole, kila neno mahali pake, kisha nikalirudia, jambo ambalo hatulifanyi. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, kisikizi sikioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakuinua mkono.